Waliponiambia Anaumwa Kidogo

Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri ikakatika saa nane, na sasa mtaa wetu mzima wa Chikongola ni matope na jua la kinafiki. Nimerudi kutoka shuleni na madaftari arobaini na moja. Nimeyaweka mezani, nimechemsha chai, na chai imepoa. Sina hali nzuri leo. Nasema mapema ili anayetafuta vichekesho aende kwingine.

Blogu hii ina wasomaji kumi na wawili, na mmoja wao ni mimi. Ni mahali pazuri pa kusemea ukweli.

Wiki hii nafundisha kidato cha tatu somo ambalo nimelifundisha miaka kumi na mitano bila kuumwa kichwa. Kwa Kiingereza, ukishasema kwamba mtu alisema, au alidhani, au aligundua, basi jambo lililokwisha kutokea kabla ya hapo haliachwi lilipo. Unalisukuma hatua moja nyuma, unaliwekea neno had. Sisi hatuna taabu hiyo. "Alisema ameondoka," tunasema, na maneno yanabaki kama yalivyomtoka mwenyewe, kana kwamba bado yuko mbele yetu anaongea. Ndiyo maana watoto wanaandika He said he has gone, nami nakata kwa kalamu nyekundu, mwaka hadi mwaka.

Jana niliwaandikia ubaoni mianzo mitano: They told me, She said, I thought, I realised, I knew. Nikawaambia wamalizie wenyewe, kwa mambo ya maisha yao, wasinakili kitabuni.

Leo nimesahihisha sita vizuri, nikakwama kwenye la saba. Ni la msichana anayekaa dawati la nyuma, mkimya, ambaye kwa kawaida ananipa kazi ya kukata kuliko wote. Ameandika: They told me my father was sick. I thought he was sick. I realised he had died. Waliniambia baba anaumwa, nikadhani anaumwa, nikagundua alikuwa amekwisha kufa. Katika mistari hiyo hana kosa hata moja. Nimetafuta, maana ndiyo kazi yangu, sikupata.

Nikaweka vema. Kisha nikaanza kulia kama mjinga juu ya daftari la mtoto wa watu.

Huyu sikumfundisha mimi. Imemfundisha simu.

Kwa wale kumi na mmoja, kama yupo asiyejua: huku kwetu mtu hafi kwenye simu. Kwenye simu mtu anaumwa. Anaumwa kidogo, au hali si nzuri sana, au "njoo tu mara moja, mgonjwa anakuulizia." Ukifika unakuta mikeka imetandikwa uani na wanaume wamekaa kimya, na hapo ndipo unaelewa. Eti tunakuhurumia. Eti usije ukaanguka njiani. Tumeifanya huruma hii kwa miaka mingi mpaka neno "anaumwa" limeharibika, halina tena maana yake, na aliye mgonjwa kweli hana neno lililobaki la kumsemea.

Mimi ilinipata mara ya kwanza nikiwa chuo cha ualimu. Walinipigia wakasema baba anaumwa tumbo. Nilikuja na pakiti mbili za biskuti alizokuwa anazipenda, nikaingia uani nacheka, nikamsalimia mtu wa kwanza kwa sauti kubwa. Watu wazima wakaangalia chini. Zile biskuti nilikuja kuzikuta baadaye zimegawiwa kwa watoto wa msibani. Siku hiyo nikajiapiza: sitadanganywa tena mimi na neno hilo.

Na sikudanganywa. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mama yangu alikuwa anakaa kijijini kwetu, kule chini karibu na Mto Ruvuma unapokaribia bahari, pamoja na mdogo wangu Mfaume. Mfaume ni wa kiume peke yake kwetu, na kwa desturi zetu mjomba ndiye msemaji wa nyumba, kwa hiyo tangu wajomba zetu wafariki habari zote zinapitia kwake. Ni mtu mpole. Upole wake ndio unaoniudhi. Hata kuku akifa atakuambia kapatwa na usingizi.

Mwaka jana, msimu wa korosho, Mfaume akanipigia saa nne asubuhi. "Dada Asumini, shikamoo. Mama anaumwa kidogo. Ukipata nafasi, njoo."

Nilimwitikia marahaba, nikakata simu, nikakaa chini kwenye ngazi za darasa. Sikumuuliza swali hata moja. Niulize nini? Nilikuwa mtu mzima, najua lugha ya kwetu. Nikaingia ofisi ya walimu nikawaambia mama yangu amefariki. Wakanipa pole, wengine wakalia nami, mwalimu mkuu akaniruhusu papo hapo. Kisha nikaenda dukani kununua sanda, kwa sababu mimi ndiye ninayekaa mjini, na anayekaa mjini ndiye anayetazamiwa kuja na vitu kamili.

Muuza duka alikuwa mzee mmoja mwenye adabu. Aliuliza, "Mwanamke au mwanaume?" Nikasema mwanamke. Akauliza urefu. Nikasimama wima mbele yake, nikamwambia, "Kama mimi." Akanipimia bafta kwa macho, mabega hadi miguu, akakata. Akaongeza pamba, kafuri, udi na chupa ndogo ya marashi, akafunga kila kimoja vizuri kwenye gazeti.

Bodaboda alinipeleka hadi mwisho wa barabara ya kijijini, kutoka hapo nikatembea. Nilipoona paa la nyumba yetu nikaachia sauti. Nililia kama tunavyolia sisi, mikono kichwani, "Mama yangu weee, umeniacha na nani!" Wanawake waliokuwa wanaokota korosho wakaacha vikapu wakanifuata mbio. Uani hapakuwa na mkeka wala mtu. Nikajua wameshazika, hawakuningoja, nikazidisha kilio. Nikasukuma mlango.

Mama alikuwa amekaa kitandani na bakuli la uji.

"Nani kafa?" akauliza.

Wale wanawake walikuwa wameshajaa mlangoni nyuma yangu, na mmoja alikuwa bado analia, hajaelewa. Mfaume alikuja kutoka nyuma ya nyumba, mikono ina maji, akasimama akinitazama mimi na ule mfuko. Mama alikuwa amepandwa na presha siku ile, amepewa dawa, anaendelea vizuri. Alikuwa anaumwa kidogo. Mara moja katika maisha yake Mfaume alisema jambo kama lilivyo, na mimi sikuwa na masikio ya kulisikia.

Ningekuwa na akili ningeuacha mfuko nje. Lakini nilikuwa nimeukumbatia kifuani. Mama akaweka bakuli chini, akanyoosha mkono kama alivyonyoosha kila nilipotoka mjini tangu nianze kazi. "Umeniletea nini, ntoto wangu?"

Nikazidi kuukumbatia. Akautwaa mfuko mwenyewe.

Alitoa bafta kwanza. Aliishika pembe kwa vidole viwili akaisugua, kama wanavyofanya wanawake dukani kabla ya kuuliza bei. Akafungua kagazeti ka kafuri, akanusa, akakafunga tena vilevile. Akasema, "Bafta nzuri hii. Nzito." Halafu akaniuliza, "Umempimia nani?"

"Nimejipimia mimi, mama."

"Basi itabaki. Mie nimeshapungua."

Akajigeuza akalala, uso ukutani. Sijawahi kuadhibiwa namna ile, na mama yangu alikuwa hodari wa fimbo.

Nilikaa siku mbili. Alizungumza nami maneno ya lazima tu: leta maji, funga dirisha. Asubuhi ya kuondoka nilipiga magoti kumuaga nikamwomba radhi. Wala hakunijibu kuhusu radhi. Alisema, "Ukija tena, niletee kanga. Nguo uliyoniletea safari hii, kwa sasa sina pa kwenda nayo."

Wanawake waliokuwepo walicheka mpaka wakashikana. Nami nilicheka. Ndani nilikuwa nimekatika vipande.

Ile sanda hakuitupa. Aliiweka kwenye sanduku lake, na kila mgeni aliyekuja kumjulia hali alionyeshwa. "Ntoto wangu mwalimu huyu kaniletea. Wenzenu wanaletewa sukari." Mfaume ndiye aliyeniambia, akidhani ananichekesha. Kijiji kikaniita Mwalimu Sanda. Watoto wadogo wasionijua uso walikuwa wananijua kwa jina hilo.

Kanga nilinunua wiki ileile niliyorudi mjini. Nilikaa dukani karibu saa nzima, maana kila moja ilikuwa inanisema. Hii inazungumzia wenye haraka, ile inazungumzia wanafiki. Nikachagua iliyoandikwa Tumshukuru Mungu kwa kila jambo, kwa kuwa angalau haikumtaja mtu.

Halafu sikwenda.

Naandika wazi, maana hili ndilo lenyewe. Kutoka hapa hadi kwetu si safari. Ningekwenda Jumamosi yoyote nikarudi Jumapili. Kila Ijumaa niliitoa ile kanga kabatini, nikaitazama, nikakumbuka Mwalimu Sanda, nikairudisha. Nikasema nitakwenda mitihani ikiisha. Nikasema nitakwenda wakishasahau. Nilimpigia simu mama kila wiki naye aliniitikia vizuri, lakini akimaliza alikuwa anasema, "Haya, na kanga yangu." Nami najibu, "Naileta, mama." Miezi minne nilikuwa naileta.

Nilitaka nikifika aninyooshee mkono tena aulize nimemletea nini. Hicho tu. Nimpe kitu cha mtu aliye hai, acheke, aseme yamekwisha. Nilikuwa nakitaka mno, na nilikiogopa kwa kiasi hichohicho.

Ndipo Mfaume akapiga tena. Saa tatu asubuhi, nasimamia jaribio la mwezi. "Dada, shikamoo. Mama anaumwa kidogo. Ukipata nafasi, njoo."

Maneno yaleyale, neno kwa neno.

Safari hii nilikuwa na akili. Sikulia wala sikumwambia mtu chochote. Nilimaliza kusimamia jaribio, nikakusanya karatasi, nikazihesabu. Nikapita nyumbani nikachukua kanga. Njiani nikanunua machungwa kumi, maana mgonjwa wa presha huwa anatamani kitu cha maji. Nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe. Nilijiambia leo ndiyo leo, nitaingia kwa adabu, bila kelele, na nitampa kanga yake mkononi. Kwenye pikipiki nilikuwa naifanyia mazoezi salamu.

Mikeka niliiona kutokea mbali.

Mama alikuwa amefariki tangu alfajiri, kabla ya adhana. Alishaondoka Mfaume aliponipigia, nilipokuwa nahesabu karatasi, nilipokuwa nachagua machungwa yasiyo na madoa. Haraka yangu isingemrudisha. Watu waliniambia hivyo kunifariji, na ni kweli, na haikunifariji. Siililii saa ile moja. Naililia miezi minne.

Nilimkuta Mfaume nyuma ya nyumba anapanga kuni. Sikumpa pole, wala sikuipokea yake. Nilimfokea mbele za watu. Nilimwita mwongo. Nilimwambia, "Ungesema tu! Mama amefariki, maneno mawili, yamekushinda nini? Mara ya kwanza umenifanya kichekesho, mara ya pili umenifanya nije na machungwa msibani!" Alifuta macho kwa kiwiko, akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu yake akanipa.

"Somoe hajaambiwa," akasema. "Mie sina salio la maneno tena, dada. Mwambie wewe, kwa hayo maneno mawili."

Somoe ni kitinda mimba wetu. Ni fundi cherehani, anaishi Lindi. Mama alikuwa anampenda kuliko sisi wote na hakuwahi kuficha. Simu iliita mara mbili tu akapokea, nikasikia cherehani inazunguka kisha ikasimama.

"Kaka Mfaume?"

"Ni mimi, Asumini."

"Dada! Upo nyumbani? Kuna nini?"

Nilikuwa na yale maneno mawili. Nilikuwa nimetoka kuyafokea palepale, watu wote wakisikia. Nilikuwa mwalimu, mkubwa wao, mwenye hasira na haki. Nikafungua mdomo.

"Mama anaumwa kidogo," nikasema. "Ukipata nafasi, njoo."

Mfaume alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Alirudi kwenye kuni zake.

Somoe naye ni mtoto wa kwetu, anaijua lugha. Akasema polepole, "Dada, hebu niambie. Kisa chako cha sanda nakijua. Nije nimebeba nini?"

Angalieni alivyonifungulia mlango. Hakuniuliza hata kama mama yuko hai, aliona nisingeweza. Aliniuliza abebe nini, nami ningetaja kafuri tu, angeelewa.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mletee machungwa."

Akacheka kwa nafuu. Alicheka, nimekisikia kile kicheko kila siku tangu hapo. "Alhamdulillahi. Basi nimalizie pindo la gauni la watu, kuna harusi, nakuja na gari la mchana."

Sijui kwa nini. Nimejiuliza hadi nimechoka. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mama, na sikutaka kuwa mimi wa kumwondolea. Labda na Mfaume ilikuwa hivyo. Labda kila aliyewahi kusema "anaumwa kidogo" alikuwa amejiandaa kusema jingine.

Nilimpigia tena mara mbili. Mara ya kwanza kujua kama ametoka, akasema yuko sokoni, machungwa ya leo si mazuri, anatafuta mengine. Nikasema sawa. Mara ya pili alikuwa njiani, gari linasimama kila kijiji. Niliwaomba wazee wangoje. Walingoja mpaka baada ya alasiri, na zaidi kidogo, kisha shehe akaniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba maiti hachelewishwi. Alikuwa na haki. Nisingeweza hata kumwambia kwamba mtu ninayemngojea bado yuko garini anafurahi.

Tulimwosha mama. Walihitaji kitu cha kusitiri nikaitoa ile kanga kutoka mfuko wangu, mpya, ina gundi ya dukani bado, wanawake wanne wakaishika pembe juu yake. Aliipata, basi. Sanduku likafunguliwa, ile bafta ikatolewa, pamoja na vile vigazeti vilivyofungwa vilevile alivyovifunga yeye.

Ilibaki, kama alivyosema.

Wanaume walikuwa wameshambeba, wameshaishia kwenye mikorosho, Somoe alipotokea njiani na kikapu kichwani. Alikuwa anatembea kwa haraka ya mtu mwenye mgonjwa. Aliona mikeka akapunguza mwendo. Aliniona mimi, akaona nilivyojifunga kanga kimsiba. Alikitua kikapu chini taratibu, machungwa yasimwagike, ndipo akakaa mchangani.

Hakuuona uso wa mama. Mimi niliuona, Mfaume aliuona, majirani waliuona. Gauni la watu lilipata pindo.

Hakunifokea kama nilivyomfokea Mfaume. Afadhali angenifokea. Alikaa siku tatu mpaka hitma, akasaidia kuosha vyombo, akaniita dada kama kawaida, akarudi Lindi. Tangu hapo nikipiga simu haipokelewi. Arobaini ilipofika alikuja, akakaa upande wa pili wa ua, akaondoka bila kuniaga.

Leo saa saba, wakati natoka darasani na hayo madaftari, ikaingia meseji yake. Ya kwanza tangu msiba. Maneno ni haya tu:

"Dada, uliponiambia anaumwa, ulikuwa unajua?"

Nimekaa nayo mchana kutwa. Nimeandika majibu mengi nimeyafuta. Nimeandika kwamba nilichanganyikiwa. Nimeandika kwamba ndivyo tulivyolelewa, kwamba hata yeye angefanya hivyo, kwamba nilidhani atawahi. Hili la mwisho nilikaribia kulituma. Nilidhani. Nimeishi miaka mingi ndani ya neno hilo. Nilidhani baba anaumwa, nilidhani mama amekufa, nilidhani mama anaumwa, na kila mara nililipata kosa la kumbebesha mtu mwingine. Lakini siku ile kwenye simu sikudhani chochote. Maiti ya mama ilikuwa upande wa pili wa ukuta niliouegemea.

Yule msichana wa dawati la nyuma, mstari wake wa mwisho ni mfupi kuliko yote. I knew, ameandika, halafu hakumalizia. Nilikuwa nimeshainua kalamu nimkate kwa sentensi isiyokamilika. Nimeiacha. Kesho nitamtafuta wakati wa mapumziko, si kwa ajili ya Kiingereza. Nitamwuliza baba yake alikuwa nani.

Na Jumamosi nitakwenda kwa Mfaume. Nitamwomba msamaha palepale nilipomfokea, nyuma ya nyumba, na ikibidi mbele ya watu walewale. Hilo halina sherehe, ni wajibu.

La Somoe haliwezi kungoja Jumamosi. Nimechukua simu, nimefuta yote niliyokuwa nimeandika, nimeandika neno moja.

"Nilijua."

Nimetuma. Amesoma. Hajajibu, na huenda asijibu, ni haki yake. Naiacha simu hapa mezani, juu ya madaftari thelathini na manne yaliyobaki. Ikiita, yeyote atakayekuwa, naomba aniambie jambo kama lilivyo.